Fundi asema ninunue laptopu mpya ili tokeni zisiishe. Ni kweli?

SWALI: Hujambo mtaalamu. Naishi Donholm na huwa naweka hesabu za maduka matatu nikiwa nyumbani. Kompyuta yangu ni ya mezani, mtumba wa Uingereza: Core i5 ya kizazi cha nne, RAM gigabaiti 4, diski ya kawaida ya gigabaiti 500, Windows 10. Nina skrini ya inchi 22, UPS ya 650VA (betri ya akiba stima ikipotea), printa ya leza na ruta ya Wi-Fi. Naiwasha saa mbili asubuhi na kuizima saa nne usiku, kwa sababu kuwaka kwake huchukua dakika nne, ingawa kazi yenyewe haizidi saa sita. Nyumba inakula yuniti 120 hivi za stima kwa mwezi. Fundi anasema mashine hii ndiyo inayomaliza tokeni, tena Windows yake imepitwa na wakati, kwa hiyo ninunue laptopu mpya. Mimi sitaki pia kuwa mmoja wa wanaojaza taka za kompyuta kwenye jalala la Dandora. Nifanyeje?

JIBU: Dada, pesa ya laptopu ishike kwanza. Fundi amegusa ukweli kwa upande mmoja: kompyuta yako na wenzake wa mezani wanakula zaidi ya theluthi moja ya stima ya nyumba. Lakini chanzo umekitaja mwenyewe bila kukitilia maanani, nacho si umri wa mashine. Ni zile dakika nne za kuwaka. Mtu akijua kwamba akizima atakuja kukodolea macho kile kiduara kinachozunguka, hazimi. Ndiyo maana mashine ya kazi ya saa sita inakesha saa kumi na nne.

Tupige hesabu. Yuniti moja ya tokeni ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Mashine ya aina yako, ikiwa na Excel na kurasa chache za intaneti, hula wati 45 hivi, na skrini ya inchi 22 hula kama 22. Jumla 67, mara saa 14, mara siku 30: yuniti 28. UPS ndogo hula karibu wati 10 hata kompyuta ikiwa imezimwa, maana inachaji betri yake na kujiendesha yenyewe usiku na mchana: yuniti 7. Ruta nayo wati 10 vivyo hivyo: yuniti 7 nyingine. Printa ya leza inayosubiri kazi, wati 5: yuniti tatu na nusu. Hapo umefika yuniti 46.

Bei ya yuniti usiichukue kwangu. Fungua ujumbe wa tokeni ulizonunua mwisho, gawanya pesa yote uliyotoa kwa yuniti ulizopewa, kodi na tozo zikiwa ndani. Hapa natumia shilingi 30 ili hesabu isomeke. Kwa bei hiyo, meza yako inakula shilingi 1,380 kwa mwezi.

Sasa badilisha mambo mawili tu: vitu vizimwe kazi ikiisha, na mwangaza wa skrini ushushwe hadi karibu nusu. Kompyuta na skrini, wati 60 kwa saa sita, ni yuniti 11. UPS ikizimwa pamoja nazo, yuniti 2. Ruta ikilala saa saba za usiku, 5. Printa ikiwashwa wakati wa kuchapa tu, haifiki hata nusu yuniti. Jumla ni 18 hivi. Umeokoa yuniti 28, yaani shilingi 840, na hujanunua kitu.

Kuna faida nyingine hapo ambayo wengi hawaijui. Mteja wa nyumbani wa Kenya Power huwekwa katika kundi la bei kulingana na wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu: hadi yuniti 30, kati ya 30 na 100, na zaidi ya 100. Ukipita 100, hulipi bei ya juu kwa zile za ziada peke yake; kundi lako lote linabadilika. Wewe uko 120. Ukishuka hadi 92 na kubaki hapo miezi mitatu, hata yuniti za friji na pasi zitashuka bei. Kwa mtu wa yuniti 60 au wa 200, kuzima kompyuta ni akiba ndogo ya kawaida. Kwako wewe kunabadilisha bei ya nyumba nzima.

Kabla ya kuziamini takwimu zangu, pima zako. Huhitaji kununua kipimo; mita yenyewe inatosha. Ina kitaa chekundu kinachowaka na kuzima, na kando yake pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Maana yake kitaa huwaka mara 1,000 kwa kila yuniti. Zima kila kitu nyumbani, friji pia, ubaki na ekstensheni ya kompyuta peke yake. Kwenye ploti nyingi mita ziko kwenye ubao chini ya ngazi, basi mwache mtu mmoja nyumbani na wewe ushuke na simu. Kitaa kikiwaka, anza kuhesabu sekunde. Kikiwaka mara ya tano baada ya hapo, simamisha, kisha gawanya kwa tano. Halafu chukua 3,600 ugawe kwa jibu hilo. Sekunde 40 kati ya mwako mmoja na mwingine ni wati 90. Kama mita yako ni ya 1600, gawa 2,250 badala ya 3,600. Kitu kidogo usikipime peke yake, kwa sababu wati 5 zitakusubirisha dakika 12 nzima kati ya mwako na mwako. Kipime pamoja na vingine, kichomoe, pima tena, utoe tofauti.

Turudi kwenye dakika nne. Dawa yake ni SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka. Yenyewe inapunguza wati nne au tano tu ikilinganishwa na diski inayozunguka, lakini inaifanya mashine iwake kwa nusu dakika hivi, na hapo kuzima hakutakuwa adhabu tena. Nunua ya SATA ya inchi 2.5, gigabaiti 240 au 256. Usiuziwe ile nyembamba kama ubao wa chingamu iitwayo M.2, maana mbao kuu nyingi za kompyuta za kizazi cha nne hazina pa kuichomeka. Ukiwa bado dukani, mwambie muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yake na kufungua programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Mpya kweli huonyesha saa chache mno za kuwashwa. Ukiona elfu kadhaa, hiyo imetolewa kwenye mashine nyingine na kupanguswa vumbi. Na yeyote anayekuuzia terabaiti mbili kwa bei ya chakula cha mchana anakuuzia kasha.

Kuifunga ni kazi ya nusu saa. Nakili faili zako kwanza kwenye diski ya nje. Zima, chomoa waya wa stima, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde tano ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Chomoa nyaya mbili za diski ya zamani, ule mpana wa umeme na mwembamba wa data, uzihamishie kwenye SSD. Haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo hata ukiifunga kwa skrubu mbili tu hakuna neno. Mpya huja tupu, bila Windows; mfumo wa kuweka ndani yake tutaufikia hapa chini. Diski ya zamani usiiache ndani ikizunguka bure. Itie kwenye kasha la USB iwe ya kuhifadhia nakala za kila wiki. Ni ya inchi 3.5, basi kasha liwe lenye adapta yake ya umeme, kwa sababu umeme wa USB peke yake hautoshi kuizungusha.

Ukiwa umeifungua, ongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, ifike gigabaiti 8. Ni DDR3 ya 1600. Kasha likiwa la kawaida, chukua vijiti virefu vya kompyuta ya mezani. Zile mashine ndogo kabisa hutumia vifupi vya laptopu, kwa hiyo chomoa kilichomo uende nacho dukani. Ukiwasha ukasikia milio bila picha, kijiti hakijakaa: kitoe, kisukume tena hadi vishikio vya kando vilie tak.

Vumbi nalo. Puliza nje ya nyumba, huku ukizuia mapanga ya feni kwa penseli yasizungushwe na upepo. Paste ya joto iliyokaa miaka kumi juu ya prosesa huwa imekauka kama saruji, feni inapiga kelele mfululizo na mashine inajipunguzia kasi. Ifute kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile spiriti ya kusafishia vidonda mara nyingi huwa na mafuta, na mafuta yakibaki hapo umeharibu kazi. Paste mpya iwe kiasi cha punje ya mchele katikati. Ukipaka kama siagi ya mkate itamwagika pembeni bila kuongeza faida.

Sasa kosa litakaloibuka wiki ya kwanza, nakuonya mapema ili usije ukadhani umeharibu kitu. Ukianza kuzima kwenye soketi, kompyuta ya umri huu huenda ikasahau tarehe. Utaiwasha ikuambie ni mwaka wa zamani, na tovuti ya benki itakataa kufunguka ikidai cheti chake si halali. Si kirusi. Ni betri ya duara CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu, imeisha, na ilikuwa imefichwa na umeme wa ukutani miaka yote hiyo. Nunua nyingine, ibadilishe, rekebisha saa, basi.

Kwa muda mfupi wa kwenda jikoni usizime, ilaze. Ndani ya Settings, kwenye System, kisha Power & sleep, weka skrini ijizime baada ya dakika 5 na mashine ilale baada ya 15. Ikilala hula wati mbili tatu. Picha za samaki wanaoogelea kwenye skrini hazipunguzi chochote, taa ya nyuma inawaka vile vile.

Printa ya leza ina kanuni yake: isichomekwe kamwe kwenye UPS. Inapopasha roli yake huvuta mamia ya wati kwa ghafla, na UPS ya 650VA italia na kuzima kompyuta ukiwa katikati ya kazi. Iwe kwenye soketi yake ukutani, na kurasa uzikusanye uchape mara moja, maana gharama iko kwenye kule kupasha moto, si kwenye ukurasa wa pili na wa tatu. Ruta unaweza kuizima usiku kama huna kamera za usalama zinazoitegemea.

Kuhusu Windows, fundi hakosei: viraka vya kawaida vya usalama vya Windows 10 vilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft ilitoa mwaka mmoja zaidi kwa wanaojisajili. Prosesa yako haimo kwenye orodha ya Windows 11, ambayo inaanzia kizazi cha nane cha Intel. Kuna njia za kuilazimisha iingie. Kwa mtu anayeshika hesabu za watu wengine, sizipendekezi. Kilichokufa hapo ni programu, chuma ni kizima. Weka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ijaribu kabla ya kufuta chochote: pakua faili yake, iandike kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu ya Rufus, washa mashine huku ukibonyeza F12 ikiwa ni Dell au F9 ikiwa ni HP, uchague flashi. Itafunguka bila kugusa diski. Jaribu printa, jaribu tovuti ya benki, fungua faili zako za kazi kwa LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi ya Excel. Panapokwama ni pawili: faili za Excel zenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), zikiwemo baadhi ya fomu za kodi za KRA, na programu za uhasibu zilizoundwa kwa Windows peke yake. Kama riziki yako iko kwenye hizo, jiandikishe kwa ule mwaka wa ziada kwanza na utafute mashine ya mtumba ya kizazi cha nane bila haraka.

Laptopu je? Ukishazoea kuzima, kinachobaki cha kuokoa ni kidogo. Laptopu ya wati 15 pamoja na skrini yako, saa sita kwa siku, ni yuniti 6 kwa mwezi. Kompyuta ya mezani pamoja na UPS ni 13. Tofauti ni yuniti 7 hivi, shilingi 200 kwa mwezi. Laptopu ya shilingi 60,000 itarudisha pesa yake baada ya miaka 25. Hata ukipata ya mtumba kwa 25,000, ni zaidi ya miaka kumi. Watu hununua laptopu kwa sababu zinabebeka na zina betri, na hizo ni sababu nzuri. Tokeni si sababu.

Na mazingira yanasema hivyo hivyo, kwa nguvu zaidi. Kwingine duniani, umeme ukitoka kwenye makaa ya mawe, kubadilisha mashine yenye ulafi kunaweza kuwa na maana. Huku kwetu sehemu kubwa ya stima inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana na upepo wa Ziwa Turkana, ambako kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Mitambo ya mafuta huingia zaidi jioni, watu wakirudi nyumbani kupika. Kwa hiyo yuniti moja hubeba kaboni kidogo, tukadirie gramu 100. Zile yuniti 7 za kila mwezi ni kilo 8 hivi kwa mwaka. Kutengeneza laptopu moja mpya, toka mgodini hadi kiwandani, kwa kawaida hutoa kilo 200 au zaidi. Utazihesabu kilo nane nane mpaka lini? Nairobi, uchafu mkubwa wa kompyuta uko mwanzoni na mwishoni mwa maisha yake, katikati kuna gharama ya mfuko wako tu.

Siku mashine yako ikifa kweli, nunua iliyotumika, na tafuta laptopu au zile kompyuta za mezani ndogo kama kitabu, ambazo zikitulia hula wati 10 hadi 15. Kwa laptopu, kabla ya kutoa pesa fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue ripoti. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa chini ya asilimia 60, bei ya betri mpya itoke kwenye bei ya muuzaji. Chaja nayo isome: volti lazima ziwe sawasawa na zilizoandikwa chini ya laptopu, ampea ziwe sawa au zaidi. Chaja nyepesi kama kiberiti inayochoma mkono baada ya robo saa, irudishe. Ukiwa unafanyia kazi mezani na chaja imechomekwa kutwa, weka kikomo cha kuchaji kiwe asilimia 80 kupitia programu ya mtengenezaji au BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka). Betri huzeeka haraka ikikaa imejaa kwenye joto. Na ukiwa na laptopu, UPS kubwa haina kazi tena. Stima ikipotea kinachohitaji msaada ni ruta peke yake, na UPS ndogo ya volti 12 inaitosha.

Mashine iliyokwisha ipeleke WEEE Centre, Utawala, si mbali na kwako. Wao huibomoa na kutenganisha mbao za saketi, chuma na plastiki. Kumpa mzee wa vyuma chakavu kuna hasara unayoweza kuiona mwenyewe: nyaya huchomwa moto ili shaba itoke, na moshi wa ile plastiki ni sumu kwa anayechoma na kwa jirani. Kabla ya kuitoa, RAM na pawasapulai nzima ziuze kwenye maduka ya barabara ya Luthuli mjini, zina wateja. Data za maduka zifute kwa kuandika diski upya yote. Kufuta faili na kusafisha kikapu hakutoshi, mtoto wa shule anazirudisha.

Betri ya laptopu iliyovimba usiitoboe wala usiichaji tena. Ya UPS ni kesi nzito zaidi, kwa kuwa ndani ina madini ya risasi na asidi. Kijiji cha Owino Uhuru kule Mombasa kiliumizwa na risasi ya kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri za aina hiyo, hadi mahakama ikaagiza mwaka 2020 wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo isiende kwenye gari la taka. Funika ncha zake mbili kwa selotepu, isimamishe wima ndani ya ndoo ya plastiki mbali na watoto, na siku utakayokwenda Utawala iende pamoja na kompyuta.